Lakers, timu iliyobebwa na kuburuza mkia

Msomaji wa Mwanza ananiandikia hivi: "Mtaalamu, shikamoo. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima kuhusu Lakers, timu ya kikapu ya Los Angeles. Jamaa mmoja anasema jina lao maana yake ni watu wa ziwani, na kwamba si jina la Los Angeles hata kidogo. Wa pili anasema walianza kama timu nyingine kabisa, kibonde wa kila mtu, ikanunuliwa kwa bei ya kutupa. Wa tatu anadai yale makombe 17 wamejiongezea, maana mengine yalichukuliwa mji mwingine. Nani mkweli? Sisi wenye ziwa tunaona tumeibiwa jina."

Marahaba, mdogo wangu. Wawili wa kwanza wako sahihi kabisa. Wa tatu amekaribia, ila hesabu yake imempita pembeni, nitamrudia mwishoni. Nikiri mapema kwamba mimi ni wa Celtics ya Boston, mahasimu wao, tangu ujana, kwa hiyo ukiona nawasifia Lakers hapa ujue nimebanwa na ukweli.

Tuanze na huyo kibonde. Msimu wa 1946-47 kulikuwa na timu ya Detroit Gems kwenye ligi iliyoitwa NBL. Ligi hiyo ilikuwa ya miji ya kati ya Marekani, mingi ikiwa midogo, na baadhi ya timu zake zilifadhiliwa na viwanda. NBA, ligi kubwa ya kikapu ya leo, ilikuwa bado haijazaliwa. Gems walicheza mechi 44, wakashinda 4. Hapa kwetu tungesema kilikuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia. Msimu ulipokwisha mwenye timu alitaka tu apate mtu wa kumtua mzigo.

Aliyejitokeza alitoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, kule kaskazini kwenye baridi kali. Fedha zilikuwa za wafanyabiashara wawili: Ben Berger, aliyekuwa na mgahawa na majumba ya sinema, na Morris Chalfen, aliyejulikana kwa maonyesho ya kuteleza kwenye barafu. Lakini aliyewasukuma ni mwandishi wa habari za michezo wa gazeti la mjini hapo, Sid Hartman, kijana wa miaka 27. Mwaka mmoja nyuma alishawashawishi waandae mechi ya majaribio kati ya timu mbili za NBL, Oshkosh na Sheboygan, waone kama watu wa Minneapolis watatoa hela kutazama kikapu cha kulipwa. Walikuja zaidi ya 5,000. Hapo hesabu zikaanza kupigwa.

Kiangazi cha 1947 Hartman akapanda ndege kwenda Detroit na hundi ya dola 15,000 mfukoni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikutana na mwenye Gems uwanja wa ndege wa Detroit, akamkabidhi hundi, biashara ikaishia hapo hapo. Alichokipata ni vifaa vichache na haki ya kucheza ligi. Mchezaji hakupata hata mmoja, wote walishatawanyika. Nadhani wengi wetu tungesema kapigwa.

Hapa nikuombe uvumilivu, kwa sababu ndipo kiini cha jibu lote kilipo. Ndani ya biashara ile kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekipa thamani, nacho ni nafasi ya mwisho kwenye msimamo. NBL ilikuwa na taratibu zake: wachezaji wa timu iliyokufa wakigawiwa kwa timu nyingine, anayeburuza mkia ndiye anayeanza kuchagua. Minneapolis walikuwa wamenunua foleni, wao wakiwa wa kwanza dirishani. Ila siku ile dirisha lilikuwa limefungwa.

Wakati wakisubiri, wakajipanga. Jina lilipatikana kwa shindano la wananchi. Minnesota inajiita nchi ya maziwa 10,000, na hiyo si chumvi, kwani idadi inayotajwa na jimbo lenyewe ni 11,842. Ndani ya jiji la Minneapolis penyewe mtu anaweza kwenda ziwani kwa miguu. Kwa hiyo "Lakers", watu wa ziwani, lilikuwa jina la nyumbani kabisa, kama ninyi mngejiita Wana Nyanza. Sehemu ya umiliki, pamoja na umeneja, akapewa Max Winter, mtu wa mjini aliyetokea kwenye biashara ya ndondi. Ukocha akapewa John Kundla, miaka 31, akitolewa kwenye chuo kidogo cha St. Thomas ng'ambo ya mto, huko St. Paul. Hakuwa chaguo la kwanza. Waliyemtaka awali alikataa. Hartman aliendesha mambo mengi kutoka nyuma ya pazia huku mchana akiandika gazetini habari za timu ile ile. Leo angefukuzwa kazi na sehemu zote mbili. Zama zile watu waliona sawa, na aliendelea kuandika safu yake hadi alipofariki Oktoba 2020 akiwa na miaka 100.

Mchezaji wa kwanza wa maana kusajiliwa alikuwa Jim Pollard, aliyesoma Stanford. Walimwita "mtoto wa kangaroo" kwa namna alivyoruka. Lakini dirisha lilifunguka Novemba 1947, na kilichotoka humo kilibadilisha mchezo mzima.

Chicago kulikuwa na timu iitwayo American Gears, bingwa wa NBL wa mwaka ule. Tajiri wake, baada ya kutwaa ubingwa, alipata tamaa ya fisi: akaitoa timu kwenye ligi na kuanzisha ligi yake mwenyewe yenye timu 16. Ligi hiyo ilikufa baada ya wiki chache tu. Wachezaji wa Gears wakabaki hawana pa kwenda, wakarudishwa NBL kugawiwa. Kati yao alikuwemo George Mikan, na mwenye haki ya kumchukua wa kwanza alikuwa yule aliyerithi mkia wa Gems.

Mikan ni mtu wa kusimuliwa taratibu. Alizaliwa Joliet, Illinois, mwaka 1924, katika ukoo wenye asili ya Kroatia. Urefu mita 2.08, miwani ya lenzi nene iliyofungwa kichwani, na utotoni aliambiwa na kocha wa shule kwamba mwenye miwani hachezi kikapu. Siku hizo watu warefu kiasi kile walihesabiwa kuwa magogo tu. Kocha Ray Meyer wa chuo cha DePaul hakukubali. Alimfanya aruke kamba, apige ndondi, hata ajifunze kucheza dansi ili miguu ipate wepesi. Kisha zoezi moja ambalo mpaka leo ukienda kwenye kiwanja chochote cha vijana utalikuta: unasimama chini ya kikapu, unaweka mpira kwa mkono wa kulia upande wa kulia, unaudaka kabla haujagusa chini, unauweka kwa mkono wa kushoto upande wa kushoto, bila kusimama, mpaka mabega yanawaka moto. Linaitwa zoezi la Mikan. Vijana wengi wanaolifanya hawajui Mikan ni nani.

Alipokuwa chuo alikuwa anasimama karibu na kikapu na kupangua mipira inayoshuka kuingia. Mwaka 1944 vyuo vikapiga marufuku jambo hilo, kwa sababu yake na ya mrefu mwingine, Bob Kurland. Kumbuka hilo, maana sheria zitabadilishwa tena kwa ajili yake.

Basi Mikan akaja Minneapolis kuzungumza mshahara. Hawakuelewana. Jioni akasema anataka ndege ya mwisho kurudi Chicago, na Hartman akajitolea kumpeleka uwanjani kwa gari. Uwanja wa ndege uko kusini mwa mji. Hartman akashika barabara ya kaskazini. Akaendesha, akaendesha, mpaka alipojiridhisha kwamba ndege imeshaondoka. Mikan akalala mjini, kesho yake akasaini. Hii ni simulizi ya Hartman, na waandishi wa michezo tunajuana, lakini hata Mikan alikuwa akiisimulia huku akicheka.

Kundla ilimbidi afikirie namna ya kuwachezesha pamoja Pollard anayeruka na Mikan anayeziba nafasi chini ya kikapu. Alipopata jibu, hapakuwa na wa kuwazuia. Msimu wao wa kwanza kabisa, 1947-48, walishinda mechi 43 na kufungwa 17, Mikan akawa wa kwanza kupita pointi 1,000 kwa msimu kwenye NBL, na wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Rochester Royals. Mwezi ule ule wa Aprili walishinda pia mashindano makubwa ya timu za kulipwa yaliyofanyika Chicago, fainali wakiwatoa New York Rens 75-71, Mikan akifunga 40. Rens walikuwa timu ya weusi kutoka Harlem, na kwa miaka mingi ilikuwa moja ya timu bora kuliko zote Marekani, ila ligi kubwa hazikuwa na mlango kwa ajili yao.

Na ukitaka kuwachokoza mashabiki wa Lakers pale kijiweni, waulize kilichotokea Februari 19, 1948. Max Winter alikuwa rafiki wa Abe Saperstein, mwenye Harlem Globetrotters. (Hao nao jina lao ni la kuazima, timu ilizaliwa Chicago.) Leo tunawajua Globetrotters kwa vichekesho, lakini siku ile walikuja kucheza kweli. Chicago Stadium, watazamaji 17,823. Mapumziko Lakers wanaongoza, Mikan anafanya anavyotaka. Kipindi cha pili Globetrotters wakaanza kumkaba wawili wawili, Marques Haynes akachezea mpira akiudundisha karibu na sakafu na kuwamalizia muda, na zikiwa 59-59 Ermer Robinson akarusha kutoka mbali, kengele ikalia mpira ukiwa hewani. Ukaingia. 61-59. Mwaka uliofuata wakawafunga tena, 49-45. Baada ya hapo Lakers walilipiza, lakini hoja ilishaeleweka: mwaka 1950 NBA ikaanza kuwachukua wachezaji weusi.

NBA yenyewe nayo ilipatikana kwa mtindo wa kuvutana. Ligi pinzani iliyoitwa BAA ilikuwa na kumbi kubwa za miji mikubwa, lakini wachezaji nyota walikuwa NBL. Mwaka 1948 BAA iliwavuta Minneapolis, Rochester, Fort Wayne na Indianapolis kwa mkupuo. Lakers wakafika na kuchukua ubingwa wa kwanza walioukuta, 1949, dhidi ya Washington Capitols ya kocha Red Auerbach. Ndiyo, yule Auerbach aliyekuja kutujengea Celtics. Mikan alivunjika kifundo cha mkono katikati ya fainali, akafungwa plasta ngumu, akarudi uwanjani na kufunga pointi 22 akiwa nayo. Kiangazi kile kile ligi mbili zikaungana na kuitwa NBA. Wakachukua tena 1950, kisha 1952, 1953 na 1954. Vern Mikkelsen na Slater Martin walishaongezwa mwaka 1949, na safu ya mbele ya Mikan, Pollard na Mikkelsen ilikuwa kama ukuta wa boma.

Wapinzani walijaribu kila dawa. Novemba 22, 1950 Fort Wayne Pistons walikuja Minneapolis na dawa ya kushika mpira tu. Wanaupata, wanasimama nao, hawarushi. Watazamaji wanazomea, waamuzi hawana la kufanya kwa kuwa hakuna sheria iliyovunjwa. Robo ya nne nzima zilifungwa pointi 4, kwa timu zote mbili. Pistons wakafunga kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde chache na kushinda 19-18. Katika hizo 18, Mikan alifunga 15. Mpaka leo ndiyo mechi yenye pointi chache kuliko zote NBA. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyozaa saa ya sekunde 24 mwaka 1954, kwa hiyo kila unapoiona ile saa nyekundu juu ya ubao inahesabu kurudi nyuma, hapo kuna mkono wa usiku ule.

Ligi nayo ilijaribu. Kile kichochoro kilichochorwa chini ya kikapu, ambacho mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3, kilikuwa na upana wa futi 6. Mwaka 1951 wakakipanua kuwa futi 12, Mikan asukumwe mbali. Machi 1954 wakafika mbali zaidi: katika mechi halali ya ligi kati ya Lakers na Milwaukee Hawks waliinua vikapu kutoka futi 10 hadi 12. Lakers wakashinda 65-63. Ilionekana kwamba kikapu kikiwa juu, wafupi ndio wanaoumia zaidi. Vikashushwa, hakuna aliyerudia.

Mikan alistaafu 1954, akarudi kwa mechi 37 msimu wa 1955-56, lakini mwili ulishakataa. Timu ikaanza kuzama. Hartman alidai miaka ya baadaye kwamba alitaka timu ifungwe makusudi msimu ule, imuuze Mikkelsen, iburuze mkia na kumpata Bill Russell wa chuo cha San Francisco. Wenye timu hawakumkubalia. Russell akaenda Boston, na mataji aliyotuletea mashabiki wa Celtics tunayajua kwa moyo.

Mkia walikuja kuuburuza bila kukusudia. Mwaka 1957 timu ilinunuliwa na kundi la watu wa Minneapolis chini ya Bob Short, mwanasheria mwenye biashara ya malori. Mikan akapewa ukocha, akashinda mechi 9 na kufungwa 30, Kundla akaitwa kuokoa jahazi. Msimu ukaisha 19-53, wa mwisho kabisa. Na kwa mara ya pili kuwa wa mwisho kukawaokoa: kwenye drafti ya 1958, ule utaratibu wa timu kugawana vijana wapya, walianza kuchagua wao, wakamchukua Elgin Baylor wa Chuo Kikuu cha Seattle kwa mshahara wa dola 20,000. Short alikuja kusema kwamba Baylor angekataa, yeye angefilisika. Msimu huo wa kwanza Baylor alipata wastani wa pointi 24.9 na akaifikisha timu fainali, ambako Boston iliwafagia 4-0. Samahani, ilibidi niliseme.

Baylor hakuwa mchezaji tu. Januari 1959 Lakers walikwenda kucheza Charleston, West Virginia, na hoteli waliyopangiwa ikawakataa wachezaji weusi. Timu nzima ikahamia hoteli nyingine. Jioni Baylor alivaa nguo zake za kawaida, akakaa benchi, akakataa kucheza. Mwenzake Hot Rod Hundley, mzaliwa wa mji ule ule, alimsihi. Baylor akamweleza kwamba yeye si mnyama wa maonyesho, kufunguliwa watu wakitaka kutazama na kurudishwa kizimbani. Hundley akamwambia basi asicheze.

Kilichowamaliza Minneapolis kilikuwa fedha. Hawakuwa hata na ukumbi wa kudumu: likija onyesho lenye kulipa vizuri, Lakers wanahamishwa. Ndege yao ilikuwa DC-3 kuukuu. Usiku wa Januari 17, 1960, wakitoka kufungwa St. Louis, umeme wa ndege ulikatika muda mfupi baada ya kuruka. Taa hazipo, redio haipo, joto halipo, nje dhoruba ya theluji. Marubani waliendesha kwa saa nyingi wakifungua madirisha ya pembeni kukwangua barafu kwenye kioo. Mafuta yakielekea kwisha waliona taa za mji mdogo wa Carroll, Iowa, wakatua gizani kwenye shamba la mahindi ambayo hayakuwa yamevunwa. Mabua na theluji vikaidaka ndege kama godoro. Hakuna aliyeumia. Wachezaji walitoka wakarushiana mabonge ya theluji kama watoto. Miongoni mwa magari ya kwanza kufika lilikuwa la kubebea maiti, na baadhi yao walipanda hilo hilo kwenda mjini.

Msimu huo walimaliza 25-50. Kwenye drafti wakachagua wa pili, wakampata Jerry West, aliyekuja kuwa mmoja wa nyota wao wakubwa. Umeona mchezo unavyojirudia? West alisajiliwa kwa jina la Minneapolis, lakini hakucheza huko hata mechi moja, kwa sababu mwezi ule ule wa Aprili 1960 wamiliki wa NBA walimruhusu Short kuhamia Los Angeles. Inasimuliwa kwamba awali walimkatalia, mpaka ilipofika habari kwamba Abe Saperstein, yule yule wa Globetrotters, anaanzisha ligi yake na anaweka timu Los Angeles. Ghafla kura zote zikawa ndiyo.

Short alihama na kila kitu, jina likiwemo. Ndiyo maana jiji la jua na ufukwe lina timu ya watu wa ziwani. Hawako peke yao: Utah Jazz wamebeba jina la muziki wa New Orleans walikotoka, na Dodgers wa besiboli waliotangulia kuhamia Los Angeles jina lao linatokana na watu wa Brooklyn waliokuwa wakikwepa tramu.

Sasa mwambie jamaa wa tatu hivi. Makombe 17 ni halali kwa mahesabu ya NBA, kwa kuwa timu ni ile ile iliyohama: 5 ya Minneapolis na 12 ya Los Angeles, la kwanza kati ya hayo 12 likiwa la 1972. Taji la NBL la 1948 halihesabiwi kabisa, kwa hiyo kama kuna aliyedhulumiwa ni Lakers wenyewe. Tena Los Angeles walichukua miaka mingi kuwakumbuka wazee hao. Bendera ya mataji ya Minneapolis ilipandishwa ukumbini kwao Aprili 2002, Mikan akiwa bado hai. Alifariki Juni 2005, na jezi yake namba 99 ikastaafishwa rasmi Oktoba 2022.

Celtics tuna 18, lakini hilo hukuuliza.